Kuhusu Cherehani Uliyomtumia Mdogo Wetu

Nyumbani, chumba cha kushonea
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe, shemeji na watoto? Lile koo limepona, au bado unakohoa kama pikipiki mbovu? Sisi tupo. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo haujambo. Leo katugombeza sote kabla ya chai.

Najua unangoja picha ya kitindamimba wetu akishona kwa cherehani ya umeme uliyomtumia. Mama kaniambia nikudanganye kuwa simu yangu haipigi picha. Nimeshindwa. Cherehani haipo tena, na mwenyewe yuko kwenye nyumba ya kutibu waraibu.

Unakumbuka tulivyomsema kwa uvivu? Mwaka jana akabadilika ghafla. Halali usingizi, hali chakula, anashona usiku kucha, asubuhi sketi za shule zimejaa mezani. Mama akatembea kifua mbele mtaa mzima: mwanangu kapata akili! Kazi ya haraka ikija, anapewa yeye. Wewe ukatuma zawadi, mimi nikamchinjia kuku. Jamani! Kumbe tulikuwa tunashangilia ugonjwa.

Ilikuwa kristali, ile dawa ya kulevya inayofanana na chumvi ya mawe, wanaivuta kwa kibomba cha kioo. Fundi viatu wa jirani ndiye aliyemwonjesha, eti wamalize kazi za wateja. Leo kibanda chake kimefungwa, mkewe karudi kwao na watoto. Mtaani kwetu siku hizi hata nguo za kuanika hatuachi nje.

Wetu alikonda, akasaga meno mpaka yakameguka. Akawa anajikuna hadi vidonda, akisema kuna wadudu chini ya ngozi. Kisha wadudu wakahamia kwenye pindo za nguo. Akafumua sare zote za shule, wiki ileile ya kufungua, na watoto wa watu wakaenda darasani na nguo za nyumbani. Cherehani yako akaifungua skrubu kwa skrubu, anamtafuta anayemsema humo ndani. Mama alipomshika mkono, alimsukuma, Mama akaangukia magoti. Hayo magoti yalianzia hapo.

Inaniuma sana. Lakini usijilaumu peke yako, maana makofi tulipiga wote.

Jana tulikwenda kumwona, anakaribia kuruhusiwa. Mama alibeba kitambaa cha suti kwenye mkoba, keshapokea kazi na cherehani ya zamani kaitia mafuta. Kabla hajakitoa, mdogo wetu akamuuliza, "Mama, nikirudi nikawa nalala tu, sishoni, bado nitakuwa mwanao?"

Mama alifunga mkoba, akamvutia begani. "Lala, baba." Akalala palepale kwenye benchi la wageni, mpaka muuguzi akaja kutuambia muda umekwisha.

Nisalimie shemeji, na wanangu wabusu mashavu yote. Shangazi ukimwona, mwambie tunamkumbuka. Mungu awafunike kwa rehema zake huko mliko.

Na mdogo wetu akitoka, mpigie. Habari za kazi usimwulize kabisa. Muulize kalalaje.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia