Meza ya Wachimba Makaburi

Shemeji Bakari,

Nakusalimu kutoka Kibokoni, ambako binti yangu Zuhura ananinenepesha kwa mahamri na mbaazi kama mbuzi wa Idi.

Jana alinipeleka uwanjani walikokusanyika watu wa Mombasa wanaofanya kazi bila kutaka faida. Nilidhani nitakuta meza tano na chai. Shemeji, nilitembea mpaka ukanda wa ndara ukakatika. Kuna wanaotibu paka wa Mji wa Kale. Kuna wanaopanda mikoko Kibarani, palipokuwa jaa la taka. Kuna akina mama wa Biashara Street wanaowashonea kofia watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, na viziwi walionisalimu kwa mikono, nikajiona bubu ni mimi. Umri wote huu sikujua wema una meza nyingi hivyo.

Mama mmoja mwenye daftari akaniuliza, "Babu, nawe watoka chama gani?"

"Sina chama, mwanangu. Mimi na shemeji yangu twachimba makaburi ya wasio na jamaa. Tulikuwa wanane, tumebaki wawili, na mwenzangu ataka kuuza jembe akapumzike."

Akaweka kalamu chini, akanivutia kiti baina ya paka na mikoko. Nilikaa hapo mpaka alasiri, watu wakija kunishika mkono.

Kwa hivyo jembe usiliuze. Mungu akupe umri kunishinda mimi, na siku ukinichimbia usinipunje urefu; miguu yangu waijua.

Shemejiyo,
Athumani