Kukhu, Ni Mimi Niliyemfuata Daktari

Mpendwa Kukhu, nyanya yangu,

Kuna kitu sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Baba anadhani daktari wa Kitale alibadilisha mawazo mwenyewe kuhusu mguu wako. Si kweli. Ni mimi niliyemfuata.

Unakumbuka ile asubuhi wodini? Daktari alimwita Baba kando ya kitanda chako kwa sababu ndiye aliyekuleta kutoka kwako Kabuchai. Alikuwa mgeni huku kwetu. Hakujua kwamba mkwe na mama mkwe hawasimami karibu hivyo. Ukajifunika leso uso mzima. Baba naye akageukia dirisha.

"Kidonda kimeoza na sukari iko juu," daktari akasema. "Tukate mguu?"

Baba akaliambia dirisha, "Kata, daktari. Bora aishi."

"Na wewe mama, umekubali?"

Ukanyamaza. Ungeongeaje habari za mguu wako mbele ya mkweo? Daktari akaona umekubali, akaenda zake.

Baba alipotoka kununua maziwa, leso ikashuka. "Sitaki kukatwa. Nataka kurudi kwangu na miguu yangu. Nikimfuata marehemu babu yako, nitacheza naye na mguu gani huko?" Nilicheka huku nalia. Ukanisukuma. "We bubu, huo mdomo ni wa ugali tu? Enda!"

Nikaenda, Kukhu. Mimi, ambaye nikiulizwa swali darasani natazama viatu. Nilimpata daktari kwenye korido, Kiingereza chote kikanitoroka. "Hajakubali," nikasema. "Amenyamaza kwa sababu ya Baba."

Alirudi peke yake, akavuta kiti. Nikakutafsiria kila kitu kwa Kibukusu, hata pale aliposema usipokatwa unaweza kutuacha mapema. Maneno hayo nilitamani kuyaruka. Ukasema, "Nimesikia. Nipelekeni nyumbani."

Ukafika. Ukachambua maharagwe mlangoni pako, ukagombana na kuku wako, na ukatuacha ukiwa kitandani pako, mahindi bado mabichi.

Tangu mazishi Baba husema, "Yule daktari alituangusha. Si angekata tu?" Nami nainamia sahani. Siku zingine nakukosa hadi najiuliza ingekuwaje kama ningenyamaza. Lakini ulichagua ukijua, na daktari anabeba lawama ya uamuzi ambao ulikuwa wako. Hiyo ndiyo inaninyima raha.

Nasikia viatu vya Baba vikija. Kila mtu akipita nimekuwa nikisukuma karatasi hii chini ya kitabu cha Kemia. Sasa nimeiacha hapa mezani, ikiwa wazi, na mlango sijaufunga.

Lala salama, Kukhu.

Mjukuu wako wa Kitale