Jeni, Si Jini

Dada Naomi,

Shikamoo. Tanga kuna joto, naoga mara tatu kwa siku.

Majibu ya damu yametoka. Daktari anasema saratani imesonga mbele: jeni iliyoileta imebadilika tena, ndiyo maana vidonge vyangu vimeacha kufanya kazi. Jumatatu naanza vingine, na hakuniahidi kitu.

Nilimweleza Bi Mwanaidi, mwenye nyumba niliyofikia. Aliacha kuepua mkate wa kumimina, akaniuliza, "Jini kabadilika? Wa baharini au wa kwenu milimani?"

"Si jini, bibi. Ni jeni. Imo ndani ya damu."

"Kwani jini hukaa wapi, mjukuu wangu?"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani. Kisha akauliza kama nimerithi kwa mama. Hilo nilikwisha kumuuliza daktari mara mbili, nikaandika jibu lake neno kwa neno kama tunavyofanya ofisini: "Kosa lilitokea ndani ya damu, ukubwani. Hukuzaliwa nalo, wala hakuna aliyekupa."

Msomee mama maneno hayo, dada. Najua anajilaumu. Ya vidonge yabaki kwetu wawili kwanza.

Nawapenda, na nakula vizuri.

Elia