Njia ya Mawe Isimkanyage Babu Yako

Kasese,
15 Juni 2025

Mpendwa mjukuu wangu Thembo,

Miaka minne! Huko Mombasa hakuna basi la kuja huku, au umesahau milima yetu iko upande gani? Nimekukasirikia, na kila Jumapili nakuombea. Yote mawili nayafanya kwa nguvu.

Hujambo lakini? Kifua kilipona? Mkeo na mtoto wanakula vizuri? Mimi magoti yamegoma, mdomo ni mzima. Kalamu ni ya Phionah, mjane wa baba yako mdogo Gidioni. Maneno ni yangu, nimemkataza kuyalainisha.

Sasa habari ya mto. Pale nyumba yetu ilipokuwa kabla Nyamwamba haujaichukua, mji unatengeneza bustani ya watu wote. Watapanda mianzi ishike ukingo, waweke viti na njia ya mawe. Mwanzoni niliwafukuza. Kisha nikaona: pale hatujengi tena, na watoto wa mtaa wanachezea barabarani kati ya malori. Nikakubali, kwa sharti moja tu, kaburi la babu yako lisiguswe.

Basi Jumamosi moja vijana wakaja kufyeka. Wakang'oa ile miti miwili ya majani marefu tuliyompandia kichwani na miguuni, wakidhani ni magugu. Watoto wa mjini, nani aliwafundisha kwamba miti ile ikisimama miwili, chini kuna mtu? Nilipofika walikuwa wameshasawazisha udongo.

"Mmemng'oa mume wangu!" nikawaambia.

Kiongozi wao, Shafic wa Mayimuna muuza vitenge, akakaa chini kama gunia. "Nyanya, nipige."

"Nikupige wapi, nawe ni mifupa mitupu? Inuka, twende unywe chai."

Alilia, mwanangu. Nikamfuta kwa kitambaa changu cha kichwa. Amesimamisha kazi ya njia mpaka mwisho wa Julai, isije ikapita juu ya babu yako.

Nimezunguka pale siku tatu. Mafuriko yaliacha mchanga na mawe tu, kila mahali panafanana. Waliochimba ni wewe na Gidioni, mkapima hatua kutoka lile jiwe kubwa ambalo mto haukuliweza. Gidioni tulimzika Bwera, tena bila wewe. Umebaki peke yako unayejua. Na usinitumie hesabu kwa simu! Hatua zile ni za miguu yako, si za Phionah.

Shangazi yako Alisi wa Bwera anakusalimia, na mzee Kataliko anauliza kama bado unakoroma. Mungu akushike mkono njiani, akusafirishe salama.

Ni mimi nyanya yako, ninayekugombeza kwa sababu nakupenda,
Ketura

Ukishuka kwenye basi, usije nyumbani kwanza. Nenda mtoni, simama kwenye jiwe, uanze kuhesabu. Nitakuwa nyuma yako na miche miwili.