Kiti cha Baba Hakikutetemeka

Dada,

Salamu nakupa kwa sababu mama alitulea hivyo, si kwa kuwa nimekukumbuka. Huku tu wazima. Baba anakula vizuri, ila masikio ni yaleyale: ukitaka kumwambia jambo, uandike kwenye kibao chake. Wewe na shemeji natumaini hamjambo, maana nataka mnisome mkiwa na nguvu. Naandika kwa kuwa simu zangu siku hizi hupokei.

Ule wimbo mliorekodi kabla masikio ya baba hayajaziba, wewe ukiimba, yeye akipiga gitaa la besi na shemeji akirekodi, ulifika. Asante. Ulisema kiti ninachomtengenezea ni mchezo wa kitoto. Haya. Nimefunga kitetemeshi chini ya kiti chake, nikakiunga na kompyuta, kisha nikagawa sauti: zile nzito, zilizo chini ya hezi themanini, ziende kitini, zilizobaki ziende kwenye hedifoni, maana zikipigwa kwa nguvu masikioni bado anazipata kidogo.

Nilijaribu kwa wimbo wa watu wengine. Kiti kikanguruma, baba akacheka mpaka meno ya bandia yakamponyoka. Alisema huyo mpiga besi ana mkono mzito, sasa nimwekee wa kwake.

Nikauweka. Kiti kimya. Baba aliweka viganja kwenye mbao, akangoja. Nikapandisha mpaka wa kugawa sauti, nikaongeza nguvu, nikabadilisha waya, wapi. Ndipo nikaufungua wimbo wenyewe kwenye kompyuta na kuona sauti zote za chini zimefyekwa. Nilipombana shemeji kwenye simu alibabaika, mwishowe akakiri kwamba wewe ulimwamuru aitoe besi kwa kuwa inafunika sauti yako. Mna roho ngumu nyie wawili.

Sasa nikuambie nililomficha shemeji. Baba alivua hedifoni, akaviangalia vidole vyake, akasema kumbe siku zote alikuwa anapiga hafifu, na watu walimsifu kwa kumwonea huruma. Nilishika chaki, nikashindwa kuandika kwamba bintiye amemfuta. Nikamwacha aamini hivyo. Gitaa lake amelisukuma uvunguni.

Utafute wimbo mzima, uulete mwenyewe. Kibao nimekifuta na chaki ipo. Safari hii utaandika wewe.

Msalimie shemeji, ukijisikia.

Mdogo wako mliyempa jina la utani,
Waya