Dirisha la Upande wa Mulongo

Kamina, mwezi wa sita

Mdogo wangu Dorothée,

“Kiti ni kiti tu, yaya. Kila dirisha la ndege linaonyesha mawingu yaleyale.” Umeniandikia hivyo mimi kaka yako kutoka Manono, na kabla sijakujibu nakuuliza habari za kifua chako: kikohozi kimeisha? Shekina anaendelea vizuri na masomo? Mimi mwili uko mzima. Nyumba imekuwa kimya tangu wifi yako Mauwa alipofariki, lakini paa halivuji.

Sasa nikujibu. Maneno yako ni ya mtu anayelala tangu ndege inapoondoka mpaka inapotua. Ukitoka Kamina kuja huko, Lualaba na mabwawa yote ya Upemba yako mkono wa kuume. Ukirudi, yako kushoto. Anayekaa upande wa pili anaona pori tu. Asubuhi jua linakupiga machoni upande ule wa maji, kwa hiyo safari iliyo bora ni ya kurudi, alasiri. Katika ndege zetu hizi ndogo bawa liko juu, halizibi kitu. Kinachoziba ni mguu wa gurudumu, ndiyo maana nataka kiti cha nyuma kabisa. Tena usingoje mwezi wa nane, watu wakishachoma majani, maana utatazama moshi. Nani atanipinga hapo?

Yule kijana wa uwanja wa ndege alijaribu, juma lililopita, nilipotoka kwako. Alitupima kwenye mizani pamoja na mizigo yetu, kama mifuko ya mihogo, kisha akaniweka upande wa kuume ili ndege isiiname. Nilimweleza habari ya mto. Alisema yeye anagawa kilo, hagawi macho. Abiria wakacheka, mmoja aliyezoea kunisikia nikibishana redioni akasema mwalimu wa redio sasa anataka na usukani. Sikunyamaza, unanijua. Mwishowe mama mmoja muuza samaki, jina lake Naomie, aliyepewa kiti nilichokitaka, alimwambia kijana kwamba mimi na yeye tuna uzito uleule, akaniachia. Aliponipita aliniinamia sikioni.

“Mwalimu, muntu hapigane na bantu hivi juu ya kuona maji tu. Ni nani iko kule chini?”

Dorothée, nimewajibu wachungaji, nimewajibu wabunge. Mbele ya yule mama nilifunga mkanda, nikageukia dirisha.

Baadaye Mulongo, kwao Mauwa, ikatokea: mitumbwi ukingoni, bati la kanisa, mashamba ya mihogo, na kando yake ile ardhi nyekundu tulipomlaza Mauwa. Niliweka paji la uso kwenye kioo. Ikapita upesi, yakabaki matete.

Nikuambie basi nilichokuficha. Hakukuwa na mkutano wa walimu Manono, mara hii wala mwezi wa tano. Nilikuja kwako ili niwe na safari ya kurudi.

Wewe hukuwepo kwenye matanga, kwa hiyo ulisikia nusu. Ndugu zake walitaka nikae chini kwenye mkeka, ninyolewe, nipakwe mpemba, ule udongo mweupe, ndipo waniachilie kama mjane wao. Nilikataa. Nilisimama mbele ya waombolezaji nikahubiri kwamba Injili haijui mkeka wala wembe. Mukalay, kaka yake mkubwa, alinisikiliza mpaka nikamaliza.

“Sawa, shemeji,” akasema. “Basi kaburi letu si lako.”

Tangu siku ile sijakanyaga Mulongo. Hoja yangu bado naiona sahihi, na hakuna aliyeijibu. Ninaimiliki peke yangu, mezani, na sahani moja.

Nakuomba uteremke Mulongo kabla ya mvua, uwakusanye wakwe zangu, uwasomee karatasi hii yote, hata pale ninapoaibika. Nisalimie Shekina, nisalimie na wagonjwa wako wa hospitalini. Mistari iliyobaki si yako. Isome kwa sauti.

Mukalay, na ninyi wote mliozaliwa pamoja na Mauwa: tandikeni mkeka. Leteni wembe na mpemba, mniambie siku. Nitakaa chini, na sitahubiri. Nipeni ruhusa ya kusimama mahali alipolala mke wangu.

Ni mimi shemeji yenu,
Éphraïm Kitenge