Nafula na Ule Utando Usoni

Mama,

Kuna swali ulilikwepa kila nilipokuuliza, na sasa huna pa kukimbilia. Uliamini, au hukuamini?

Siku ile mvua ilipokata barabara hapa Busibwabo na uchungu ukanikamata, wewe ndiye uliyenizalisha. Nafula alitoka uso umefunikwa na utando mwembamba, kama ule unaokaa juu ya maziwa yakichemka. Uliuondoa taratibu kuanzia kidevuni. Wanawake waliokuwa mlangoni ukawaambia, "Huyu ataona mambo kabla yetu." Walipoondoka ukaniambia mimi, "Ni ngozi tu ya mfuko wa maji. Pumzika." Nikakuangalia usoni nijue lipi la kweli. Sikuambulia kitu.

Watu walilishika lile la kwanza. Mama Auma, yule muuza omena, dagaa wa ziwani, alikuwa hapiti kwenda soko la mpakani kabla Nafula hajagusa beseni lake. "Gusa, mama yangu, nipate wateja." Wewe ulicheka tu. Hukumkataza hata siku moja.

Halafu ikaja ile Jumapili. Tumekaa tunakula, dada Rosa amekuja kutoka Malaba na watoto wake, na Nafula, aliyekuita Kukhu kama wajukuu wako wote, akasema, mdomo umejaa ugali, "Kukhu hatakula Krismasi na sisi." Wewe ukainuka, ukasema unaenda kuangalia kuku.

Mwezi haukuisha, tukakuzika.

Mama, hujui yaliyofuata. Matanga hayajaisha, Rosa akanivuta nyuma ya jikoni. "Huyu mtoto alijua. Kama alijua, nani alimwambia? Na kama hakuna aliyemwambia, si ni yeye mwenyewe aliyemuua?" Maneno hayo yakatembea. Mama Auma akaanza kufunika beseni lake kwa leso akifika kwetu, anapita upande ule mwingine wa njia. Watoto wa jirani wakaitwa nyumbani kila Nafula alipotokea.

Na mimi je? Nilianza kumchunguza mtoto wangu. Akiniangalia sana, nageuka. Akimtaja mtu kwa jina, nasubiri nisikie huyo mtu ameugua. Chai yangu nilikuwa nainywa nimempa mgongo. Mtoto wa miaka mitano, Mama, niliyemnyonyesha.

Rosa akapata nabii huko Malaba anayesema anaweza kuwafunga macho watoto wa aina hiyo. Wanafungiwa kwake, hawali, wanaombewa mpaka waache kuona. Nikakubali. Nilikuwa nimeshapanga nguo zake kwenye mfuko wakati rafiki yako Mama Amoit alipokuja kurudisha sufuria yako. Akauona ule mfuko.

"Mnaenda wapi na mtoto?"

Nikamwambia. Akakaa chini palepale kizingitini.

"Huyu hakuona kitu. Alisikia. Tulikuwa naye."

Ndipo akanieleza. Zile siku ulizotuaga kwamba unavuka Uganda kununua maharagwe, ulikuwa unaenda hospitali, Alupe. Yeye ndiye aliyekusindikiza, na Nafula ulimchukua kwa sababu alikuwa anakulilia ukitoka. Daktari alisema kitu kilichokuwa tumboni kimeshaenea. Ukamuuliza, "Nitaiona Krismasi?" Akashindwa kukuangalia. Ukamwapisha Mama Amoit asituambie.

Nilimshuku hata yeye. Nikasema moyoni, huyu anamhurumia mtoto, anatunga. Kwa hiyo nikamwita Nafula, nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za kawaida, "Wewe na Kukhu mlikuwa mnaenda wapi?"

Akamtazama Mama Amoit kwanza. Kisha akasema, "Kwa mtu wa miwani. Kukhu alininunulia mandazi, akasema nisiseme." Akanishika gauni. "Halafu nikasema. Ndiyo maana alikufa?"

Mama.

Miezi hiyo yote mimi namshuku yeye, kumbe na yeye anajishuku. Nilimshika, nikamwambia hapana, hapana, mpaka sauti ikaisha. Mama Amoit alilia kuliko sisi.

Nguo nilizirudisha kwenye kamba. Rosa nilimpigia simu, akasema Mama Amoit amenidanganya, na hajaja tena nyumbani. Mama Auma nilimfuata sokoni, nikamweleza mbele ya wenzake. Akaguna, akasema, "Sawa, lakini ule utando ulikuwepo." Nikamjibu ndiyo, ulikuwepo, na ulikuwa ngozi. Wengine wameelewa, wengine bado wanapita upande ule mwingine. Ila wiki iliyopita watoto wawili wa jirani walikuja kucheza, na hakuna aliyewaita.

Nimekukasirikia, sikufichi. Ungetuambia, tungekuuguza. Nafikiri hukutaka tukutazame kama mgonjwa. Lakini mzigo uliotuficha sisi watu wazima, ulimwachia mtoto mdogo aubebe, na lile neno lako la mlangoni likamwangukia juu.

Bado nakupenda. Bado nikisikia mtu anakohoa uani nageuka nikidhani ni wewe.

Pumzika, Mama. Nafula anaanza shule Januari, nami nitamshika mkono mpaka darasani, kila mtu aone. Na siku mwili wangu ukichoka, nitawaita wanangu wote, nitawaambia mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Mwanao,
Nekesa